Boksielda na wadudu wake: ukate mti, uzibe nyumba au upulizie dawa?

Kila Septemba, jua likianza kulegea, kuta zinazotazama kusini na magharibi kule Marekani, katika majimbo ya Minnesota, Iowa, Nebraska, Dakota zote mbili, na ng'ambo ya mpaka hadi Manitoba ya Kanada, hupata wageni. Ni wadudu wa mti uitwao boksielda, weusi wenye mistari myekundu, mamia kwa mamia, wameganda ukutani wakiota jua. Baridi ikizidi hupenya ndani. Kwa ndugu zetu waliotoka Bukavu, Kigoma au Mombasa na leo wana nyumba Sioux Falls, Fargo au Cedar Rapids, wazo la kwanza huwa ni msumeno: mti wenyewe si ule pale uani, umejaa wadudu?

Mimi naona msumeno huchukuliwa mapema mno, dawa hununuliwa kwa kuchelewa mno, na kile kinachosaidia kuliko vyote viwili hubaki dukani bila mteja. Kukata boksielda ni uamuzi unaohusu matawi. Wadudu wana hesabu yao nyingine. Hapa naziweka njia zote kando kwa kando ili mwenye nyumba achague akijua analipia nini.

Kwanza, mti wako ni jike au dume?

Boksielda, Acer negundo kwa jina la kisayansi, ni mti wa ukoo wa mepo (maple). Wakanada huuita mepo wa Manitoba. Lakini usitafute jani la kwenye bendera yao, hutaliona. Jani la boksielda limegawanyika vijani vitatu hadi saba, na mche mchanga wenye vijani vitatu unafanana mno na poizoni aivi, ule mmea wa Marekani unaowasha ngozi hadi kutoa malengelenge. Kabla ya kung'oa miche uani kwa mikono mitupu, tazama majani yalivyopangana kwenye kijiti: ya boksielda hutoka mawili mawili yakikabiliana, ya poizoni aivi hupishana, moja huku, moja kule.

Sasa, kama mpapai, mti huu una jike na dume, na tofauti hiyo ndiyo nusu ya ulinganisho wote. Jike huzaa mbegu zenye bawa zinazoning'inia kwa mashada. Nyingi hubaki mtini majani yakishapukutika, kwa hiyo Januari ndiyo mwezi rahisi kuliko yote wa kuujua: ukiona mashada makavu ya rangi ya kahawia yakicheza na upepo juu ya theluji, huyo ni jike. Dume hazai kitu. Mwanzoni mwa majira ya kuchipua hutoa maua membamba yanayoning'inia kama nyuzi, yakapeperusha chavua, kisha basi.

Kwa hiyo jike hukuletea wadudu, na dume hukuletea chavua. Chavua ya boksielda husafiri kwa upepo na huwasumbua sana wenye mzio. Nyumba yenye mtoto wa pumu inaweza kuona wadudu wa jike ni nafuu kuliko chavua ya dume dirishani. Nyumba isiyo na tatizo hilo itampenda dume. Ila usidhani kwamba kuwa na dume peke yake kunakulinda. Jike wa jirani anatosha kukuletea wageni.

Mdudu mwenyewe anakudhuru nini?

Mdudu huyu, Boisea trivittata, alielezwa kisayansi na Thomas Say mwaka 1825. Magharibi mwa bara, upande wa Idaho na Utah, yupo ndugu yake Boisea rubrolineata, na walioko Boise au Salt Lake City wanaweza kusoma makala hii vilevile, kwani tabia zao ni zilezile. Mkubwa ana urefu wa sentimita moja na ushei, mweusi, na mistari mitatu myekundu mgongoni nyuma ya kichwa. Watoto ni wekundu mwili mzima hadi mabawa yaanze kuota. Aliyelelewa Shinyanga au Mwanza atadhani ameona kangambili wa kwenye pamba, na hajakosea sana: wote wawili ni wadudu wa mdomo wa mrija, wanaotoboa mbegu na kunyonya. Tofauti ni kwamba kangambili humtia mkulima hasara kwa kuchafua pamba, na huyu wa boksielda hana zao la mtu analolifilisi. Hata mti wenyewe haudhoofu kwa ajili yake. Anayekuambia ukate au upulizie ili "kuuokoa mti" anakuuzia huduma usiyoihitaji.

Mwaka wake huenda hivi. Wakubwa waliolala kwenye nyufa huamka majira ya kuchipua, wakala kwanza mbegu zilizoanguka chini. Boksielda jike ikianza kutunga mbegu, hupanda juu na kutaga mayai mekundu kama kutu kwenye magome, majani na mbegu. Kaskazini hupata kizazi kimoja kwa mwaka, kusini viwili. Kiangazi chenye joto na ukame huwaongeza sana, ndiyo maana mwaka mmoja unawaona kumi na mwaka unaofuata huoni rangi ya ukuta.

Kuota jua si uvivu. Watafiti wa British Columbia wameonyesha kwamba yule wa magharibi akiwa juani hutoa kemikali zenye harufu zinazozuia vijidudu vya kuvu mwilini mwake. Anajitibu kabla ya kuingia kwenye ufa kulala na wenzake. Ukuta mkubwa, wa rangi ya kung'aa, unaopata jua la alasiri, kwake ni kama zahanati, na hataacha kuja eti kwa sababu umemchukia.

Ndani ya nyumba hazaliani, hali mbao, hali nguo, hagusi unga. Hana desturi ya kuuma, ingawa akibanwa kwenye ngozi mara chache sana anaweza kutoboa. Kero yake ni kinyesi kinachotia madoa mapazia na kuta za rangi nyeupe, na doa jingine pamoja na harufu ukimponda. Wenyeji wengine wameshamzoea kabisa: mji mdogo wa Minneota, kusini-magharibi mwa Minnesota, kila mwaka hufanya tamasha lake kwa jina la mdudu huyu.

Weka hayo kwenye mizani kabla hujaandika hundi ya mtu yeyote.

Msumeno

Kukata jike kunaondoa chakula kilichokuwa karibu. Hilo ni kweli, na kwa nyumba iliyojitenga shambani, yenye boksielda moja tu na nyingine hakuna kwa mbali, wadudu watapungua kweli. Mjini mambo ni mengine. Wadudu hawa huruka vizuri, wakavuka mitaa kadhaa kutafuta ukuta wenye jua, na boksielda huota zenyewe kila kingo ya mto, kila uchochoro na nyuma ya kila gereji. Tena hawali boksielda tu. Mbegu za mepo nyingine wanazila, na za mti wa ashi pia. Utamlipa mkata miti mamia ya dola, na kwa mti mkubwa ulio karibu na nyumba hata maelfu, kisha Septemba ijayo ukuta ukajaa wadudu wa mti wa jirani.

Na kisiki hakikubali kufa. Boksielda iliyokatwa huchipua machipukizi mengi kwa kasi, na usipoking'oa kisiki au kukitibu, baada ya miaka michache utakuwa na kichaka badala ya mti. Machipukizi ya jike ni jike.

Lakini zipo sababu tatu zinazonifanya niseme kata, na hakuna hata moja inayohusu wadudu hawa.

Ya kwanza ni udhaifu wa mbao. Boksielda hukua haraka, na kama miti mingi ya haraka, huvunjika. Barafu ikilala juu ya matawi au dhoruba ya kiangazi ikipita, tawi linaanguka. Maisha yake si marefu, mara nyingi miaka 60 hadi 75, na shina lililozeeka huoza ndani huku nje likionekana zima. Kama tawi nene limekaa juu ya paa, juu ya gari au juu ya bembea ya watoto, usihesabu wadudu. Ita mtu mwenye leseni na bima, mti ukaguliwe.

Ya pili ni farasi. Mbegu za boksielda zina sumu iitwayo haipoglisini A. Farasi akila nyingi malishoni, hasa vuli, majani yakipukutika na nyasi zikiwa zimekwisha, misuli yake huharibika, ikiwemo ya kupumulia na ya moyo. Hudhoofika, hutetemeka, hukojoa mkojo mweusi, na wengi hufa kwa siku chache. Utafiti ulioongozwa na Stephanie Valberg wa Chuo Kikuu cha Minnesota, uliochapishwa mwaka 2013, ndio uliofunga kesi hiyo kwa kuonyesha uhusiano wa ugonjwa huo na mbegu hizi. Miche michanga nayo ina sumu hiyo. Mwenye farasi na jike uwanjani hana cha kulinganisha: aukate, au azungushe uzio mbali na zinapoangukia mbegu.

Ya tatu inawahusu wachache: mbawakawa wa Asia mwenye pembe ndefu, anayetoboa mashina ya miti hai. Aligunduliwa Brooklyn mwaka 1996, Worcester huko Massachusetts mwaka 2008, na Wilaya ya Clermont huko Ohio mwaka 2011. Boksielda ni miongoni mwa miti anayoipenda. Ukiishi kwenye eneo lililowekewa karantini, usihamishe kuni wala matawi, na ukiona matundu ya mviringo yenye ukubwa wa kuingiza penseli kwenye shina, wapigie simu watu wa kilimo wa jimbo kabla ya mkata miti.

Pasipo hayo matatu, ukumbuke unachopoteza: kivuli cha bure, kinga ya upepo, na chakula cha ndege na kindi katikati ya baridi, wakati miti mingine haina kitu. Walowezi wa karne ya 19 waliipanda kwenye nyanda kavu kwa sababu iliota pale ambapo miti ya heshima zaidi ilikufa. Na wanaoidharau mbao yake wajue kwamba filimbi za karne ya 7 zilizopatikana kwenye pango moja la Arizona mwaka 1931 zilichongwa kwa boksielda. Miaka zaidi ya 1,200 pangoni, mti dhaifu!

Silikoni na wavu

Njia hii haina mvuto. Hakuna kishindo cha mti kuanguka, hakuna wadudu wanaolala chali mbele yako. Ndiyo ninayoiweka juu, kwa sababu moja kubwa: wanaoingia nyumbani vuli si hawa peke yao. Wapo kunguni wa kunuka waliotoka Asia na kuonekana Pennsylvania miaka ya 1990, wapo bibi-kobe wa Asia, vile vidudu vya mviringo vyenye madoadoa, wapo nzi wavivu wanaolala darini kwa makundi. Kukata boksielda kunamgusa mmoja kati ya hao wote. Kuziba ufa kunawagusa wote pamoja, na upepo wa Januari juu yake. Bili ya gesi ya kupasha nyumba itakuambia mapema kuliko mimi.

Kazi yenyewe imalizike Agosti, kabla hawajaanza kukusanyika. Zunguka nyumba ukianzia kusini na magharibi. Tazama fremu za madirisha zinapokutana na ukuta, tundu la nyaya, bomba la kiyoyozi, bomba la gesi, tundu la moshi wa mashine ya kukaushia nguo, na mstari ambapo ukuta unakalia msingi. Nyufa nyembamba zijazwe silikoni, ile gundi laini ya kuzibia. Matundu mapana yajazwe povu la kuzibia au sufu ya chuma kisha silikoni juu. Matundu ya hewa ya darini usiyazibe kabisa, yanahitaji kupumua. Yawekee wavu mwembamba wa chuma. Nyavu za madirisha zilizotoboka zibadilishwe. Kwa milango kipimo ni mwanga: mtu asimame nje usiku na tochi, wewe ukae ndani gizani, na kila unapoona mwanga chini au pembeni, mdudu anapita. Ukanda wa mpira wa chini ya mlango ni dola chache.

Ina mapungufu. Nyumba za zamani zenye kuta za vibao vilivyopandana zina nyufa usizoweza kuzimaliza, na kupanda ngazi hadi ghorofa ya pili si kazi ya kila mtu. Hutazuia wote. Ukizuia wengi, waliobaki ni kazi ya kifyonzavumbi.

Jambo dogo la bure linaloambatana na hili: fagia mbegu zilizorundikana karibu na msingi wa nyumba, na ondoa marundo ya mbao na majani makavu upande wa jua.

Dawa

Hapa kuna dawa mbili zisizolingana. Ya kwanza ni sabuni ya maji ya vyombo iliyochanganywa na maji kwenye chupa ya kupulizia. Inaua mdudu inayemlowesha, papo hapo, na ikikauka haina nguvu tena. Ni rahisi, haina sumu ya kuogopesha, na inafaa kwa kundi lililokaa kwenye ngazi za mlango. Ijaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwani inaweza kuacha alama ukutani au kuunguza majani ya maua.

Ya pili ni dawa za jamii ya pairethroidi, zinazouzwa kwa ajili ya kuta za nje. Zilitengenezwa maabara kwa kuiga sumu ya asili ya maua ya pareto, yale yale yanayolimwa Nakuru, Mufindi na Musanze. Tofauti na pareto halisi, ambayo jua huivunja haraka, hizi hukaa ukutani kwa siku au majuma. Zinafanya kazi zikipulizwa nje, kuzunguka madirisha, milango na msingi, wadudu wanapoanza tu kukusanyika. Ukisubiri hadi Novemba, wameshaingia, na umepulizia ukuta mtupu. Huua nyuki na samaki vilevile, kwa hiyo maua yaliyochanua na mfereji wa maji ya mvua viepukwe. Maelekezo ya kwenye chupa, Marekani, ni sheria. Dawa iliyoandikwa ya nje haipulizwi chumbani.

Kupulizia ndani sioni sababu yake hata moja. Wanaotambaa dirishani ni sehemu ya waliolala ndani ya kuta, na wengine watatoka kesho bila kujali ulichopuliza leo. Ukiwaua kwa wingi ndani ya kuta, mizoga yao inaweza kuvuta mbawakawa wa mazulia, na hao ndio wanaokula sufu. Umebadilisha mgeni mpole kwa mwizi.

Kupulizia mti wenyewe ni gharama ya mashine, sumu inayopeperukia kwa jirani, na faida ya muda mfupi.

Ukikata, upande nini badala yake?

Hapa wengi hubadilisha tatizo moja kwa jingine. Mepo wa fedha hukua haraka kama boksielda na huvunjika kama boksielda, na mbegu zake wadudu haohao huzila. Ashi usiipande: tangu mbawakawa wa kijani wa ashi agunduliwe karibu na Detroit mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti hiyo, na yako itafuata. Hakiberi ni mti mgumu, unavumilia upepo, ukame na chumvi ya barabarani, nami ningeusifu bila masharti kama usingekuwa na vijidudu vyake vidogo vinavyofanya vivimbe kwenye majani na ambavyo, vuli ikifika, navyo hupenya nyumbani. Ni vidogo kiasi cha kupita kwenye baadhi ya nyavu. Huo ni utani wa maumbile.

Anayependa sura ya boksielda anaweza kupata vitaluni aina ya dume iitwayo 'Sensation', isiyo na mbegu na yenye majani mekundu vuli. Udhaifu wa mbao na chavua vinabaki palepale. Mimi, kwenye uwanja mpana, ningepanda mwaloni wa nyanda, Quercus macrocarpa. Ni wa hapohapo, unastahimili baridi kali, na utaishi miaka mia mbili na zaidi. Hukua polepole, kwa hiyo kivuli chake ni cha wajukuu. Anayetaka kivuli akiwa bado na meno yake apande kahawa ya Kentucky, ambayo jina lake lisikudanganye, si buni. Nayo ina dume na jike, omba dume ukwepe maganda.

Kwa hali yako

Mwenye nyumba mjini, jike uani, matawi hayagusi paa: ziba Agosti, sabuni Septemba, mti uache. Matawi yako juu ya paa: kata au punguza, na bado uzibe. Una farasi: nimeshasema. Mti ni wa jirani: huna msumeno, una silikoni tu. Na mti ulio kwenye ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara, mahali pengi ni mali ya mji hata kama wewe ndiye unayefyeka nyasi zake, hivyo uliza ofisi ya mji kabla hujaugusa.

Mpangaji mwandikie mwenye nyumba barua au baruapepe mwezi wa Julai, ukitaja dirisha na mlango kwa mahali pake, na uambatishe picha za nyufa. Picha za wadudu zitamletea mtu wa dawa. Picha za nyufa zitamletea fundi, na huyo ndiye unayemhitaji.

Na kama unasoma haya Januari, wameshaingia, jua limetoka na wanatembea kwenye pazia, usinunue kitu. Wanyonye kwa kifyonzavumbi bila kuwaponda, kisha mfuko uufunge na kuutupa nje siku hiyohiyo, maana wengi wao bado wako hai humo ndani.